Surua: hesabu inayomlinda mtoto wako

Mama, kama una mtoto wa miezi minne hapa Bujonde, umri wake wa kuchanjwa surua bado haujafika. Kwa sasa ngao yake kubwa ni watoto wa majirani waliokwisha kuchanjwa. Je, wachanjwe wangapi ili naye awe salama? Swali hili lina jibu la hesabu.

Wataalamu huhesabu nini?

Mwaka 1927 wanasayansi wawili wa Uingereza, Kermack na McKendrick, waliwagawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa wanaoambukiza, na wasioweza tena kuambukizwa. Chanjo humhamisha mtoto kutoka kundi la kwanza hadi la tatu bila kuugua.

Kisha huulizwa: mgonjwa mmoja ataambukiza wangapi mahali pasipo na mwenye kinga? Kwa Ebola ni takribani 2. Kwa surua ni 12 hadi 18, kwa sababu virusi vyake husambaa kwa hewa na mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea.

Tuhesabu pamoja

Tuchukue 15. Kila hatua huchukua kama wiki mbili.

- Hakuna mwenye kinga: mgonjwa 1 huambukiza 15, nao huambukiza 225.
- Kati ya kila 15, wenye kinga ni 12: mgonjwa 1 huambukiza 3, kisha 9, kisha 27.
- Wenye kinga ni 14: mgonjwa 1 huambukiza 1 tu. Ugonjwa hauongezeki.
- Wakizidi hapo, ugonjwa hukosa pa kwenda na kuisha.

Kumbuka, 12 kati ya 15 ni sawa na 80 kati ya 100. Ni wengi, lakini hawatoshi. Ndiyo maana lengo ni 95 kati ya 100.

Kwa nini dozi mbili?

Dozi ya miezi 9 huwapa kinga watoto wapatao 85 kati ya 100. Hata wote wakichanjwa, 95 haifikiwi. Dozi ya miezi 18, inayotolewa Tanzania tangu 2014, huwapa kinga wengi wa wale waliobaki. Mtoto akianza kutembea, ni rahisi kusahau kliniki. Usisahau hii.

Pia, wastani wa wilaya unaweza kuwa mzuri huku kitongoji kimoja kikiwa nyuma. Mito ikifurika na njia kukatika, watoto wa upande mmoja hukosa chanjo pamoja, na surua ikiingia huwakuta pamoja.

Ufanye nini?

- Angalia kadi ya kliniki leo. Je, dozi zote mbili zimeandikwa?
- Kama mvua au shughuli za shamba zilikuzuia, nenda ukiwa umechelewa. Hutakiwi kuanza upya.
- Mtoto akiwa na homa kali na vipele, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu, mpeleke zahanati mapema. Usimchanganye na watoto wengine.
- Akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida, akipata degedege au akilegea sana, mpeleke mara moja, hata kama ni usiku.

Mtoto wako akichanjwa, mchanga wa jirani naye amepata ngao.