Uzi Unaojiondokea

Mama anayejifungua kwa upasuaji Mwananyamala au Temeke hushonwa tabaka kwa tabaka. Nyuzi za ngozi anaweza kurudi kutolewa baada ya siku kadhaa. Za mfuko wa uzazi hakuna atakayezifuata huko ndani. Uzi ule sharti ushike mpaka nyama iungane, kisha uondoke wenyewe. Ukiwahi, kidonda kinaachia. Ukichelewa, mwili unabaki na mgeni.

Kwa karne nyingi kazi hii ilifanywa na uzi wa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Katika karne ya 19 daktari Mwingereza Joseph Lister aliutia dawa ya kuua vijidudu, na baadaye dawa yenye kromi ili uchelewe kuyeyuka. Hata hivyo, uzi huo huliwa na vimeng'enya vya mwili, na kidonda chenye usaha huumaliza mapema.

Kwenye miaka ya 1970 mwanzoni, viwanda vya Marekani vilileta nyuzi za polima. Hizi hukatwa na maji ya mwilini, polepole, kwa mwendo unaotabirika zaidi. Ya kwanza ilikuwa ya asidi ya glaikoliki peke yake. Kisha ikaja Vicryl: sehemu 90 za glaikolidi na 10 za laktidi, zilizounganishwa katika mnyororo mmoja.

Uwiano huo una siri yake. Polima ya laktidi inaweza kukaa mwilini zaidi ya miaka miwili. Ya glaikolidi, miezi michache. Ungedhani mchanganyiko wa nusu kwa nusu ungekaa katikati. Kinyume chake, huyeyuka upesi kuliko zote mbili, kwa kuwa minyororo ya mchanganyiko haipangiki vizuri na maji hupenya kirahisi. Kwa hiyo anayebadili uwiano anabadili muda.

Je, kipya kilishinda? Utafiti wa CORONIS, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusisha wanawake 15,935 katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Katika kushona mfuko wa uzazi, uzi wa utumbo na uzi wa aina ya Vicryl havikuonyesha tofauti ya maana wiki sita baada ya upasuaji. Lakini kwenye kushona msamba, tafiti nyingine zimeonyesha kwamba nyuzi za polima hupunguza maumivu ya siku za mwanzo.

Sisi tulioona mifuko ya plastiki ikipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tumezoea kuiona plastiki kama kitu kisichoondoka. Hapa kuna plastiki iliyopangiwa siku ya kuondoka, na bei yake. Anayeagiza nyuzi kutoka Bohari ya Dawa, Keko, anahitaji kujua kwanza ni kidonda gani kinashonwa, na kitahitaji kushikwa kwa wiki ngapi.