Urefu wa Spoku: Istilahi na Kipimo Chake

Katika ufundi wa kuunda magurudumu ya baiskeli, hakuna kipimo kidhaniwacho kuwa chepesi, ilhali kina mtego mkubwa, kama urefu wa spoku. Kwa maana mtu aonaye waya zilizotoka katikati ya gurudumu kwenda ukingoni huhukumu mara moja kwamba urefu wa kila waya ni nusu ya kipenyo cha gurudumu, akaenda sokoni kwa hukumu hiyo, akarudi na fungu la waya zisizofaa kazi. Makala haya yanakusudia kubainisha kipimo hicho ni nini hasa, kwa sababu gani si nusu ya kipenyo, na maneno gani ya Kiswahili yanastahili kukibeba. Na mfano wetu tutauchukua Shasha, kando ya Ziwa Kivu katika wilaya ya Masisi huko Kongo, juu ya njia itokayo Sake kuelekea Minova, kwa kuwa huko kosa la kipimo halikawii kudhihirika.

Nchi ile ni ya milima na ya mawe ya volkano. Katika miaka ya 1938 hadi 1940 mlima Nyamulagira ulitapika moto hata uji wake wa mawe ukafika ziwani karibu na Sake, na mawe ya namna hiyo hayamhurumii mwenye gurudumu. Wenyeji wa Kivu wana chombo chao mashuhuri, chukudu, chenye magurudumu ya mti mtupu yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu. Na kwa kumtazama mwenye chukudu na mwenye baiskeli wakipita njia moja na mizigo yao, tunapata somo la kwanza la istilahi hii. Gurudumu la mti hubeba kwa kukandamizwa: uzito hushuka juu ya mti, na mti hustahimili kwa unene wake. Gurudumu la spoku halibebi hivyo, kwa sababu waya wa unene wa milimita 2 ukikandamizwa hupinda. Waya huo hutiwa mvuto tangu siku ya kuundwa, kila spoku ikivuta rimu kuelekea kitovuni kwa nguvu ya makumi ya kilo. Na mzigo unapokuja, spoku za chini hupungukiwa na sehemu ya mvuto wake, na kule kupungua ndiko kunakoubeba mzigo. Jambo hili alilifafanua kwa vipimo mhandisi wa Marekani, Jobst Brandt, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya gurudumu la baiskeli. Lakini fikra ya gurudumu la waya zenye mvuto ni ya zamani, kwani Mwingereza George Cayley aliiwaza mwaka 1808, na Eugène Meyer wa Paris akaipatia hataza mwaka 1869.

Kwa hiyo neno tulitumialo lina uzito. Kamusi na mafundi hutupa *spoku* au *spoki*, na wengine hupenda *njiti*, kwa kuwa ni neno la asili. Nalipenda neno la asili kila linapoeleza ukweli. Lakini njiti ni kijiti kikavu, na kijiti kazi yake ni kusimama na kuhimili, hali spoku kazi yake ni kuvuta, na hushinda kutwa ikivuta. Huko Kongo, penye elimu ya Kifaransa, liko neno jingine, *rayon*, ambalo kwa Wafaransa ni waya wa gurudumu na papo hapo ni nusu kipenyo cha duara. Na mwenye kulipokea neno hilo bila tahadhari hupokea pamoja nalo lile kosa tulilolitaja mwanzo. Basi tuseme *spoku*, neno ambalo fundi amekwisha kulikubali, nalo halidai lolote juu ya nusu kipenyo.

Urefu wa spoku ni umbali ulioanzia ndani ya kiwiko, pale waya unapokunjwa karibu na kichwa, hata ncha yenye hesi. Kiwiko hukaa katika tundu la sahani ya kitovu, na hesi huingia katika nati ndefu nyembamba iliyopenya rimu kwa upande wa tairi. Ili kuupata urefu huo tunahitaji vipimo vitatu: nusu ya kipenyo cha duara ambalo vichwa vya nati hulikalia, nusu ya kipenyo cha duara la matundu katika sahani ya kitovu, na umbali wa sahani hiyo kutoka katikati ya gurudumu. Baada ya vipimo hivyo huja hesabu ya spoku zote, na mpishano, yaani idadi ya spoku ambazo spoku moja hukutana nazo njiani.

Mpishano ndio kiini cha mambo. Mwaka 1874 James Starley wa Uingereza alipata hataza ya spoku zinazotoka kitovuni kwa mshazari badala ya kunyooka kama miale, kwani kitovu kinachozungushwa kwa nguvu hakiwezi kuizungusha rimu vizuri kwa spoku zilizonyooka. Sharti ziwepo zinazovuta mbele na zinazovuta nyuma. Spoku iliyokwenda mshazari husafiri njia ndefu kuliko iliyonyooka, na hapo ndipo nusu kipenyo inapomdanganya mnunuzi.

Natutwae gurudumu la spoku 36, lenye mpishano wa tatu. Kwa bahati njema elimu ya handasa hapa ni rahisi, kwa sababu pembe ya mpishano ni digrii 60, na kanuni nzima hupungua ikawa hivi: jumlisha miraba ya vipimo vyote vitatu, toa zao la nusu kipenyo kikubwa na nusu kipenyo kidogo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Nusu kipenyo ya rimu ikiwa milimita 310, ya matundu ya kitovu 20, na sahani ikiwa mbali na katikati kwa 35, tutapata 96,100 na 400 na 1,225, tukitoa 6,200 hubaki 91,525, na kipeuo chake ni 302.5. Ukiondoa nusu ya upana wa tundu la kitovu, hubaki takriban 301. Gurudumu hilo hilo likiundwa kwa spoku zilizonyooka, kabla ya kutoa tundu, litataka 292. Na kwa mpishano wa nne litataka 309. Rimu ni moja na kitovu ni kimoja, na spoku zimetofautiana kwa milimita 17! Tena baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, hivyo pembe hubadilika, na ile kanuni fupi haizihusu.

Katika vipimo vyote, kile cha rimu ndicho kinachopotoshwa zaidi, kwa kuwa fundi hupima ukingo wa nje, au husoma namba ya tairi. Duara linalotakiwa ni lile la makao ya nati, nami napendekeza tuliite *kipenyo cha makao*, jina linalomwonyesha msikilizaji mahali pa kuweka kipimo. Njia ya kukipata haitaki chombo cha ghali: kata spoku kuukuu mbili ziwe na urefu mmoja, tuseme milimita 250 kutoka mahali panapokaa kichwa cha nati, zipenyeze katika matundu mawili yanayokabiliana, zivute zielekeane, upime nafasi iliyobaki kati yao. Ikiwa ni 120, kipenyo cha makao ni 620.

Mwenye kupuuza haya hukutana na moja ya shari mbili. Spoku ikiwa fupi, hesi hushika sehemu ya chini ya nati peke yake, kichwa kikabaki kitupu, na siku ya gunia zito nati hukatika shingoni. Spoku ikiwa ndefu, nati hufika mwisho wa hesi kabla ya mvuto kutimia, gurudumu likabaki legevu. Na katika rimu za chuma za ukuta mmoja ncha hujitokeza ikatoboa mpira wa ndani. Ncha iliyofika usawa wa mfereji wa bisibisi katika kichwa cha nati ndiyo iliyosibu, na milimita moja au mbili chini yake hazina dhara.

Katika njia ya Shasha, ambayo vita vimeikata mara nyingi, fungu la spoku lililonunuliwa kwa kukisia si rahisi kubadilishwa, na mwenye baiskeli hupoteza riziki ya siku nyingi. Ndiyo maana naona istilahi hizi, spoku, kiwiko, mpishano na kipenyo cha makao, zingestahili kufundishwa katika shule za ufundi pamoja na hesabu yake, ili mnunuzi aingie dukani na namba mkononi, amtajie mwenye duka milimita 301, wala asiseme tu kwamba anataka spoku za gurudumu la inchi 28.