Mimba Zilizotangulia

Historia ya kutungisha mimba nje ya mwili kwa kawaida huanzia kwa Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mimi ningeianzia kwa wanawake ambao mimba zao ziliharibika. Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, mimba ya kwanza ya aina hii haikumaliza hata wiki moja. Mwaka 1976, Patrick Steptoe na Robert Edwards walipata mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kati ya wanawake 282 waliotibiwa nao kufikia 1978, wawili tu ndio waliojifungua mtoto hai. Aliyepoteza mimba alirudi mwanzo kabisa: kulazwa tena, kupasuliwa tena, kutolewa yai jingine.

Kugandisha viinitete ndiko kulikobadilisha hali hiyo. Mwaka 1983, Melbourne tena, Alan Trounson na Linda Mohr walitangaza mimba ya kiinitete kilichogandishwa. Nayo ikaharibika wiki ya 24. Mwaka uliofuata akazaliwa Zoe Leyland kwa njia hiyohiyo. Sasa mwanamke aliweza kuomboleza kwanza, apumzike miezi kadhaa, huku kiinitete kingine kikimngoja. Ripoti ya 1983 inahesabu wiki za mimba. Jina la mama halimo.