Fumbo na Mpaka: Hadithi za Upelelezi za Kiswahili Zikisomwa kutoka Bujumbura

Historia ya hadithi za taharuki na upelelezi katika Kiswahili huelezwa aghalabu kama historia ya vipaji: Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alimbuni Bwana Msa, akafuata Faraji Katalambulla, kisha wakaja Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Makala haya yanashikilia kwamba historia hiyo ni ya taasisi pia, na kwamba mipaka ya taasisi hizo ndiyo iliyouacha nje mji uliokuwa ukizungumza Kiswahili tangu mwisho wa karne ya 19.

Shirika la East African Literature Bureau lilianzishwa mwaka 1948 kuyahudumia maeneo ya Afrika Mashariki yaliyokuwa chini ya Uingereza. Shindano lake la uandishi wa hadithi la 1957–58 lilishindwa na Abdulla kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Abdulla alikuwa amefanya kazi katika idara ya afya Zanzibar kabla ya kuingia uhariri, na mazoea ya kukagua yanaonekana katika namna Bwana Msa anavyovitazama vitu vidogo. Kwamba Msa na mwenzake Najum wanawakumbusha wasomaji Sherlock Holmes na Watson limeshasemwa sana. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba shindano lilimpatia mwandishi mambo manne kwa mkupuo: waamuzi, mhariri, mtambo wa uchapishaji na njia ya kumfikia msomaji. Katika mazingira hayo ndipo kilipotoka *Simu ya Kifo* cha Katalambulla mwaka 1965, na mwaka 1976 mkusanyiko wake wa hadithi fupi, *Lawalawa na Hadithi Nyingine*.

Bujumbura, wakati huo Usumbura, haikuwamo katika ramani hiyo. Kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilianzishwa hapo mwaka 1897, na askari, wapagazi na wafanyabiashara waliokizunguka waliongea Kiswahili. Utawala wenyewe ulikitumia. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, Kifaransa kikawa lugha ya ofisi, na Kirundi lugha ya kanisa na ya shule za awali. Kiswahili kikabaki sokoni na katika mitaa kama Buyenzi. Hata neno *umuswahili* likapata katika Kirundi maana ya pili, ya mtu mjanja asiyeaminika. Buyenzi haikukosa wasimulizi, wala Warundi hawakukosa fani za kumweka msikilizaji roho juu: anayetega *igisokozo* huanza kwa “Sokwe!” na kujibiwa “Niruze!”, kama vile mwenzake wa pwani anavyosema “Kitendawili!” akajibiwa “Tega!” Kilichokosekana ni shindano.

Hata hivyo, kuna jambo zito zaidi ya ukosefu wa mtambo. Tarehe 13 Oktoba 1961, Mwanamfalme Louis Rwagasore alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Chama chake cha UPRONA kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba, na miongoni mwa waliomuunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa mjini, wafanyabiashara wadogo aliokuwa amejaribu kuwaunganisha katika ushirika. Aliyefyatua, Mgiriki Jean Kageorgis, alikamatwa baada ya siku chache. Akauawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano walinyongwa Gitega mwezi Januari 1963.

Kwa kanuni ya Bwana Msa, hadithi ingekoma hapo. Muuaji kajulikana, walioshirikiana naye wameadhibiwa, watu warudi nyumbani. Lakini swali la nani katika utawala wa Kibelgiji alijua, au alihimiza, liliendelea kuulizwa kwa miongo sita, na mwaka 2021 mtafiti wa Kibelgiji Ludo De Witte alilitolea kitabu kizima, *Meurtre au Burundi*. Utanzu wa upelelezi uliorithiwa kutoka Uingereza humdhania msomaji anayeamini kwamba ukweli ukishatajwa sebuleni, mbele ya watu wote, utakubaliwa. Msomaji wa Bujumbura, mwenye kumbukumbu za 1961, 1972 na 1993, hana sababu ya kuamini hivyo kwa wepesi. Willy Gamba wa Musiba yuko karibu naye kidogo, kwa kuwa *Kikosi cha Kisasi* (1979) kinampeleka Kinshasa kupambana na njama za kiserikali. Ila hata huko adui ni Kaburu, anajulikana kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa. Hadithi ya taharuki ambayo Bujumbura ingeweza kukiongezea Kiswahili ni ile ambayo muuaji anajulikana mapema na fumbo ni aliyenyamaza.

Washauri wa sera watauliza hili linawahusu nini. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Kinachoagizwa, hata hivyo, huwa ni vitabu vya sarufi na kamusi, kana kwamba lugha hujifunzwa ili kufanyiwa mtihani tu. Kwa upande wa Kifaransa, Tuzo ya Michel Kayoya imeonyesha Bujumbura penyewe kwamba shindano la hadithi fupi huwaibua waandishi waliokuwa hawajulikani. Mkusanyiko wa hadithi fupi ni kitabu cha gharama ndogo, hubeba sauti nyingi, na taharuki humvuta kijana asiyependa kusoma.

Ugumu utakuwa kwa waamuzi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilitoa ithibati kwa vitabu kwa kipimo cha Kiunguja, na kipimo hicho kilimfaa Mmakunduchi aliyelelewa karibu nacho. Mwandishi wa Buyenzi ataleta Kiswahili chenye Kirundi na Kifaransa ndani yake. Iwapo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki itadhamini shindano la namna hiyo, jambo la kwanza la kuamua, kabla hata ya kiasi cha zawadi, ni iwapo mhusika wa Buyenzi ataruhusiwa kutoa ushahidi kwa Kiswahili chake mwenyewe, na nani kati ya waamuzi atakuwa anakifahamu.