Moshi wa kuchomelea: jinsi ya kuutoa karakanani kabla haujaingia kifuani

Katika kata ya Mamba, Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, fundi wa kuchomelea vyuma ana kazi nyingi: plau zilizokatika, mikokoteni ya ng'ombe, trela za pawatila, mashine za kukoboa mpunga, mageti na madirisha. Kiangazi kazi hufanyika nje. Mvua zikianza, fundi huingia ndani ya kibanda cha bati na kufunga mlango ili umeme na maji visikutane. Anafanya vyema kuhusu umeme, lakini moshi nao hubaki humo ndani pamoja naye.

Makala hii inaeleza moshi huo una nini, unaufanyia nini mwili, na namna ya kuutoa kwa vifaa vinavyopatikana.

Moshi una nini ndani yake?

Fimbo ya kuchomelea inapowaka, sehemu ya madini hugeuka mvuke. Mvuke ukipoa hewani huwa chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya maikromita 1. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maikromita. Ndiyo maana chembe hizo hazikamatwi na pua wala koo, bali hufika ndani kabisa ya mapafu.

Chuma cha kawaida hutoa chembe za chuma na manganizi, ambayo ikizidi mwilini kwa miaka huathiri mishipa ya fahamu. Chuma kisichoshika kutu hutoa kromiamu na nikeli. Bomba na bati zilizopakwa zinki hutoa moshi mweupe wa zinki. Pia kuna gesi zisizoonekana, kama ozoni na kaboni monoksidi.

Mwaka 2017 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku nayo imo katika kundi hilo. Hii haina maana kwamba hatari yake ni sawa na ya sigara. Maana yake ni kwamba ushahidi umetosha.

Homa inayofanana na malaria

Fundi aliyechomelea vyuma vyenye zinki mchana anaweza kuanza kutetemeka usiku. Kwa kawaida huwa ni saa 4 hadi 10 baada ya kuvuta moshi. Anasikia baridi, homa, kichwa na viungo kuuma, kiu, na ladha ya chuma mdomoni. Hii ni homa ya moshi wa vyuma. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku 1 au 2.

Mwili huizoea kidogo katikati ya wiki, kisha mazoea hayo hupotea fundi akipumzika. Kwa hiyo humrudia siku ya kwanza ya kazi, na wengine huiita homa ya Jumatatu.

Hatari yake katika eneo lenye malaria kama letu ina pande mbili. Fundi anaweza kumeza dawa za malaria kila mara bila kuwa na malaria. Au anaweza kusema "ni moshi tu" huku malaria ikimzidi. Usikisie. Nenda kituo cha afya upimwe, na umwambie mhudumu kwamba ulichomelea na ni chuma cha aina gani. Kifua kikibana au kupumua kukiwa kwa shida, usisubiri asubuhi.

Je, maziwa yanasafisha kifua?

Mafundi wengi hunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanaondoa moshi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi umekwenda kwenye mapafu. Hayawezi kuutoa. Kinga ni kutouvuta.

Kuutoa moshi kwa hewa

Moshi wa kuchomelea ni wa moto, hivyo hupanda juu. Fundi aliyeinamia kazi anaweka uso wake kwenye njia ya moshi. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: ondoa kichwa juu ya moshi. Inua kazi kwenye meza au stendi badala ya kuinamia chini.

Mengine ya kufanya ni haya:

1. Simama upepo ukipita ubavuni mwako. Upepo ukitoka mgongoni, hewa huzunguka mbele ya kifua na kurudisha moshi usoni.

2. Acha nafasi wazi pande mbili zinazotazamana, na mwanya chini ya kilele cha paa uliokingwa na bati dogo la kuzuia mvua. Hewa safi iingie chini, ya moto itoke juu.

3. Kama kuna umeme, weka feni ukutani isukume hewa nje, na kazi iwe kati ya fundi na feni. Feni inayopuliza ndani ya chumba kilichofungwa huzungusha moshi uleule.

4. Kwangua rangi, grisi na zinki kiasi cha sentimita 10 kila upande wa mahali pa kuchomelea. Vaa barakoa wakati wa kukwangua, maana vumbi lake nalo lina madhara.

5. Usichomelee ndani ya tenki au pipa bila kupitisha hewa safi na bila mtu kukuangalia kutoka nje. Usipulizie oksijeni humo, kwa kuwa nguo hushika moto ghafla. Tenki lililobeba mafuta linaweza kulipuka hata likiwa tupu.

Karakana kubwa na vichujio

Katika viwanda hutumika bomba la kunyonya lenye mkono unaosogezwa hadi kwenye kazi. Mdomo wake ukiwa mbali kwa kipimo cha upana wake, nguvu ya kunyonya hubaki chini ya moja ya kumi. Bomba la sentimita 15 likiwekwa nusu mita kutoka kwenye moto halisaidii kitu. Lisogezwe karibu, kando ya kazi, kila fundi anapohama.

Moshi ulionyonywa hupitia kwenye vichujio vinavyokamata chembe. Vichujio huziba, hivyo visafishwe au vibadilishwe kwa ratiba. Vya kawaida havizuii gesi, kwa hiyo ni salama zaidi bomba litoe hewa nje, mbali na madirisha ya jirani.

Kitambaa au barakoa?

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo kiasi hiki. Miwani nyeusi haizuii moshi. Barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana vizuri usoni husaidia dhidi ya chembe, ila si gesi. Ndevu huifanya ivuje. Ni kinga ya mwisho baada ya hewa, haichukui nafasi yake.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi, na OSHA ndiyo inayoisimamia. Mfanyakazi aliyeajiriwa akiugua kutokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hupokea madai yake. Aende hospitali mapema na kutunza vyeti vyake.

Vijana wanaojifunza ufundi hukaa karibu zaidi na moto kwa sababu ndio wanaoshikilia chuma. Fundi mkuu anapopanga pa kusimama, awapange na wao.