Megabaiti mbili za Mjerumani: jinsi Linux ilivyojifunza kubana matumizi

Desemba 1991, Krismasi ikikaribia, mtu mmoja wa Ujerumani alimwandikia Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Alitaka kuujenga mwenyewe mfumo endeshi mpya wa kijana huyo, Linux, lakini kompyuta yake ilikuwa na RAM ya megabaiti 2 tu, na nafasi ilimwishia kabla kazi haijaisha. Akauliza kama kuna namna.

Torvalds mwenyewe hakuwa na shida hiyo. Januari mwaka huo alijinunulia kwa mkopo kompyuta yenye prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti 4, nayo ilimtosha. Hata hivyo alitumia sikukuu kuandika njia ya kuazima nafasi kwenye diski: RAM ikijaa, vitu visivyotumika kwa wakati huo vinahamishiwa diskini, kisha vinarudishwa vikihitajika. Fundi cherehani mwenye meza finyu hufanya vivyo hivyo. Kitambaa anachoshona kinabaki mezani, cha kesho kinakaa kabatini. Kwenda na kurudi kabatini kunamchelewesha, ila nguo inakwisha. Njia hiyo ilitoka na toleo la 0.12, Januari 1992.

Mfumo ulioanzia kwenye mashine dhaifu ungetarajiwa kubaki mwepesi daima. Haikuwa hivyo. Kadiri kompyuta zilivyopata nguvu, Linux nayo ilinenepa: madirisha yenye vivuli, picha, programu za kila namna. Ndipo wakatokea watu wa kuipunguza tena.

Mlango ulifunguliwa mwaka 2000 na Mjerumani mwingine, Klaus Knopper. Mfumo wake, Knoppix, uliwaka moja kwa moja kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya kompyuta, na kwa kubanwa kitaalamu, takribani gigabaiti 2 za programu zilienea kwenye CD ya megabaiti 700. Mmarekani John Andrews akaichukua Knoppix na kujiwekea mtihani mgumu zaidi: ni programu ngapi za maana zinaweza kuenea kwenye megabaiti 50, ujazo wa zile CD ndogo zenye umbo la kadi ya biashara? Jibu lake aliliita Damn Small Linux. Ilikuwa na kivinjari, barua pepe na programu ya kuandikia, na iliweza kuwaka hata kwenye kompyuta ya 486 yenye RAM ya megabaiti 16.

Mwaka 2003, Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux, yenye ujanja wa aina yake: mfumo mzima unapanda kwenye RAM, kwa hiyo haungojei diski kuukuu ijizungushe. Robert Shingledecker, aliyefanya kazi na Andrews, akaenda mbali zaidi kwa Tiny Core ya takribani megabaiti 10. Huko Taiwan, Hong Jen Yee alianzisha mwaka 2006 LXDE, mandhari mepesi ya madirisha ambayo baadaye yaliibeba Lubuntu, Linux nyingine nyepesi. Ugiriki ikatoa antiX, iliyojengwa juu ya Debian, moja ya Linux kubwa.

Nimejaribu Puppy kwenye kompyuta-pakato ndogo ya mwaka 2009: prosesa ya Atom, RAM ya gigabaiti 1, kibodi iliyopoteza herufi mbili. Kwa mfumo wake wa zamani, ungeweza kuiwasha ukaenda kuchemsha chai. Nilichomeka flashi, mistari ya maandishi ikapita kwenye skrini nyeusi, mara eneokazi likatokea na vialama vyake. Programu ya kuandikia ilifunguka bila kusuasua. Nikajisemea, kweli ng'ombe hazeeki maini.

Kisha nikafungua kivinjari. Ukurasa mmoja wa gazeti, feni ikaanza kuvuma. Kurasa tatu, kishale kikawa kinaruka badala ya kutembea. Hapo ndipo penye kikwazo leo. Mfumo endeshi unaweza kupunguzwa hadi mifupa, lakini kurasa za intaneti, na video na matangazo yake, hazipunguzwi na aliyeuandika. Andrews mwenyewe ameliona hilo: aliporudi na Damn Small Linux mwaka 2024, kipimo chake hakikuwa tena megabaiti 50 bali 700, CD nzima.

Huruma kwa mashine kongwe nayo ina ukomo. Desemba 2012, wahandisi wa Linux waliondoa uwezo wa kuendesha prosesa za 386, zile zile zilizoizaa, na Torvalds aliidhinisha bila kusikitika. Agosti 2025, Debian 13 ilitoka bila kisakinishi cha kompyuta za zamani za biti 32.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 14, Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na mrithi wake, Windows 11, haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Nyingi kati ya hizo zina RAM ya gigabaiti 4 au 8 na prosesa za biti 64. Kwa Linux nyepesi, hizo bado ni vijana.

Yangu si kijana. Niliisakinishia antiX ya biti 32 na kuiachia kazi mbili: kuandika na kusoma barua pepe. Nikiizidishia kurasa, taa ya diski huanza kupepesa mfululizo: RAM imejaa, mashine inaazima kabatini. Inachelewa, lakini haizimiki. Mjerumani wa megabaiti 2 angeitambua taa hiyo.