Taa za Magari

Nikiwa na miaka 36, kocha mmoja aliniambia, "Dada, kuogelea umechelewa." Nusura niache triathloni.

Halafu nikakutana na Ransom Arthur, daktari wa jeshi la majini la Marekani. Mei 1970, huko Amarillo, Texas, waogeleaji 46 wa miaka 25 kwenda juu walishindana kwa sababu yake. Aliamini mtu mzima akiwa na shindano mbele yake, atafanya mazoezi.

Septemba 1974, San Diego, klabu ya wakimbiaji iliandaa triathloni ya Mission Bay. Walikuja 46 vilevile. Giza likawakuta njiani, wakamulikiwa taa za magari.

Kesho alfajiri niko majini, masika au la. Nikiwa wa mwisho, si mtu aniwashie taa.